Alama Kwenye Sauti ya Dada

Dada yangu alikuwa dalali wa mnada wa fanicha za mitumba, na kama hukuwahi kumsikia akinadi kabati mbele ya wanaume mia mbili, sina namna ya kukusimulia sauti yake. Kipaza sauti alikidharau. Alipanda juu ya meza ile ile anayoiuza, viatu mkononi, akaanza: mara ya kwanza, mara ya pili. Watu walimbandika jina la Mara ya Tatu, na wengine nadhani hawakujua kama analo jingine. Aliweza kumtania mtu aliyesimama kule mlangoni kwa rangi ya soksi zake, na mtu yule akacheka, akanunua kiti ambacho hakukijia.

Ugonjwa ulianza kwa kukwaruza. Alisema ni vumbi la mbao, nasi sote tukashikilia hapo hapo kwenye vumbi, maana vumbi halipasuliwi. Alipokwenda hospitali ilikuwa imepita miezi mitano, na daktari hakuzunguka mbuyu: kisanduku cha sauti kilichoko kooni kitatolewa chote, ndani ya wiki nne, na baada ya hapo atapumua kwa tundu shingoni na hatatoa sauti tena. Dada aliuliza swali moja tu. Aliuliza kama ataweza kunong'ona. Daktari akasema hapana.

Nesi mmoja mwema akatuonyesha programu ya tableti. Unabonyeza neno, linasemwa. Dada akasikiliza sauti iliyotoka mle ndani, akakunja uso.

"Huyu si ndiye yule anayesemaga namba unayopiga haipatikani?" akasema. "Nife kwanza ndiyo niongee na mwanangu kwa sauti ya huyu."

Hapo ndipo mimi, msomi wa ukoo, nilipofungua mdomo wangu.

Kazi yangu ni kuandika programu. Ofisini kwetu tunatayarisha vitabu vya kusikiliza kwa ajili ya watu wasioona, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuweka alama ndani ya mafaili ya sauti, ili msikilizaji aweze kuruka kutoka sura hadi sura bila kupapasa. Sauti ndani ya kompyuta si sauti hata kidogo. Ni namba zilizopanga foleni, maelfu kwa kila sekunde, na kila namba tunaiita sampuli. Ukitaka alama ikae dakika ya tano, huiambii kompyuta dakika ya tano. Unaiambia sampuli ya milioni kumi na tatu, laki mbili na thelathini elfu, kisha unaipa alama hiyo jina. Ipo maktaba ya kazi hiyo. Haina kitabu hata kimoja. Ni msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ulioandikwa na watu ambao sijawahi kuonana nao, wakauacha wazi, nami nauazima kama mtu anavyoazima ngazi ya jirani. Maktaba haikuulizi unataka kufanya nini. Ukiipa namba inaweka alama pale pale, na kama pale pale ni pabaya, shauri yako.

Nikawaeleza pale ukumbini kwa dada, na bado naiona aibu ya jinsi nilivyojigamba. Dada atasoma maneno kutoka kwenye orodha. Shemeji atakaa mbele ya saa ya mashine na daftari, aandike kila neno limeanza dakika na sekunde gani. Mimi nitageuza sekunde kuwa sampuli, niweke alama, na tableti itasema kwa sauti ya dada mwenyewe. Mama yetu akaanza kulia. Dada akanigeukia.

"Profesa," akasema, kwa maana ndivyo alivyokuwa akiniita tangu nilipofeli hesabu darasa la nne, "una uhakika lakini?"

"Dada, hii kazi naifanya kila siku. Naifanya hata nikiwa nimesinzia."

Hiyo sentensi nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

Studio ilikuwa ya jamaa mmoja anayeitwa Bezi, chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, kimegawanywa kwa kioo, kuta zimevikwa magodoro yaliyokatwa vipande. Tulikwenda Jumamosi tatu mfululizo. Maneno tulikuwa tumeyachagua nyumbani, watu wazima wanne na mtoto mmoja, tukagombana juu yake wiki nzima. Mama alitaka umekula, umeoga, umefika salama. Mtoto wa dada, ambaye tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni, alitaka majina ya marafiki zake wote na la mwalimu wake. Shemeji alisoma orodha ile taratibu mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza mbona neno nisamehe halimo.

"Hilo nitakuandikia kwa mkono," dada akamwambia. "Ni la mara moja kwa mwaka."

Shemeji ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha ya chuma. Vidole vyake vina makovu ya cheche mpaka kwenye kucha, na sijawahi kumwona akiandika chochote zaidi ya vipimo. Jumamosi hizo aliandika kama mtu anayefanya mtihani wa maisha. Neno, dakika, sekunde. Neno, dakika, sekunde. Dada akikohoa, alisimamisha kalamu, akamtazama kupitia kioo, akasubiri. Kila neno lilichukua kama sekunde nane, likiwemo neno lenyewe na pumziko lake. Mwisho wa Jumamosi ya tatu daftari lilikuwa na maneno elfu moja mia tatu na kumi na mawili, na hakuna hata moja lililofutwafutwa. Mimi Jumamosi hiyo ya tatu nilikuwa ofisini. Nililetewa kadi ya mashine jioni, nikanakili mafaili matatu kwenye kompyuta yangu, nikamrudishia Bezi kadi yake.

Jumanne dada akapasuliwa. Asubuhi yake, kabla hawajamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, alimwita Chiriku kwa jina lake kamili la cheti cha kuzaliwa, ambalo huwa analitumia akiwa amekasirika tu. Mtoto akashtuka, akauliza amefanya nini. Dada akasema hajafanya kitu, alitaka tu kulisikia.

Jumatano niliomba ruhusa kazini, nikaketi na daftari la shemeji. Tableti ya dada ilikuwa imejaa picha za Chiriku pomoni, na dada alikuwa ameshaapa kwamba atakayefuta hata moja atamjua yeye ni nani. Nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo. Basi nikaona njia ya mkato: kati ya neno na neno kuna ukimya mtupu, na ukimya una kazi gani? Nikaandika msimbo wa mistari kumi na minne. Uchukue dakika na sekunde za daftari, uzidishe kupata sampuli, uweke alama ya mwanzo. Uhesabu sekunde mbili mbele, uweke alama ya mwisho. Kilicho kati ya alama mbili kibaki, kilicho nje kitupwe. Uhifadhi juu ya faili lile lile, la zamani lifutike.

Kwa nini juu ya faili lile lile? Kwa sababu diski yangu nayo ilikuwa inalalamika, na kwa sababu nilijua sauti zote bado ziko kwenye kadi kwa Bezi. Sababu hii ya pili niliitunga baadaye. Siku ile sikuwa na sababu, nilikuwa na haraka.

Programu ilikimbia kwa muda usiofika dakika moja. Nikafungua faili la kwanza, nikabonyeza neno la kwanza. "Ndiyo," akasema dada yangu. Nikabonyeza la pili. "Hapana." Yalikuwa safi kabisa, na mimi nikalia kidogo, nikafunga kompyuta, nikaenda kumpigia mama simu kumwambia kazi imekwisha.

Dada alirudi nyumbani siku ya kumi na moja. Alikuwa amekonda, ana kitambaa cheupe kilichofunika tundu shingoni, na alipopumua ilisikika hewa ikipita pale kwenye kitambaa badala ya puani. Tulikuwa tumefagia, tumepanga viti, mama amevaa nguo ya kutokea. Nilimkabidhi tableti kwa mikono miwili. Chiriku alijibana pembeni ya mama yake, hapumui.

Dada akabonyeza. "Ndiyo." Mama akapiga kigelegele. Akabonyeza tena. "Hapana." Shemeji akacheka kwa sauti, jambo adimu, akasema hilo la pili ndilo litakalochakaa mapema. Dada naye akatingisha mabega, na tukaelewa kwamba sasa hivyo ndivyo atakavyokuwa anacheka.

"Mama, niite!" Chiriku akasema. "Niite mimi!"

Dada akatafuta kwa kidole, akapata jina, akabonyeza. Ukatoka ukimya. Kisha ukatoka mkwaruzo wa kiti, kisha nusu ya neno lililoishia na "-nga", basi. Akabonyeza tena, kwa nguvu, kana kwamba kosa ni la kidole. Ukimya, kiti, "-nga". Akabonyeza maji. Tableti ikasema "Jumatano." Akabonyeza mume wangu. Hakikutoka kitu. Akabonyeza njoo, na chakula, na daktari, na umefika salama, moja baada ya jingine, na nyumba nzima ikawa inasikiliza vipande vya sauti yake vikitoka kama mtu anayesukumwa huku anaongea. Mama akashusha mikono. Dada akaniangalia mimi.

"Ni tableti," nikasema. "Inasumbua. Nipeni kidogo."

Nikaichukua, nikaenda nayo chooni, nikafunga mlango.

Ilinichukua muda mfupi sana kujua, na hilo ndilo linaloniuma. Ofisini kwetu mafaili yote hurekodiwa kwa kasi moja, sampuli arobaini na nne elfu na mia moja kwa sekunde. Ni amri ya ofisi. Nimeiandika namba hiyo mpaka vidole vyangu vinaijua kuliko namba yangu ya simu. Mashine ya Bezi ilirekodi kwa sampuli arobaini na nane elfu. Maktaba ingenieleza kasi ya faili kama ningeiuliza. Ni mstari mmoja tu wa kuuliza. Sikuuliza. Nilizidisha kwa namba ya vidole vyangu. Kwa hiyo kila alama ilikaa kabla ya mahali pake, na kadiri faili lilivyokwenda mbele ndivyo ilivyozidi kuachana na neno lake. Neno la kwanza na la pili yalikosewa kwa chini ya sekunde moja na nusu, ndiyo maana yalitoka safi. Kufikia dakika ya kumi alama ilikuwa imetangulia kwa sekunde karibu hamsini. Nilikuwa nimetupa maneno na kuhifadhi ukimya, na humo kwenye ukimya yamenaswa machache kwa bahati tu, tena chini ya majina yasiyo yao.

Nilipotoka chooni shemeji alikuwa amesimama kwenye korido na daftari lake.

"Shemeji," akaniambia polepole, "au niliandika vibaya? Ile saa ya mashine ilikuwa na namba ndogo sana. Inawezekana nilikuwa nasoma vibaya."

Ninachokisema sasa sijamwambia mtu mwingine. Nilisema tutaangalia. Na kwa siku mbili nzima nikamwacha mtu yule aamini kwamba yeye ndiye aliyeua sauti ya mke wake, kwa sababu nilihitaji siku mbili za kwenda kwa Bezi kwanza. Mama alinieleza kwamba alikuwa anakaa na lile daftari sebuleni, analinganisha kurasa, anahesabu kwa vidole vyake vilivyoungua.

Bezi nilimkuta anakunja nyaya. Nilimwuliza kuhusu kadi kabla hata ya salamu.

"Kadi ipi?"

"Ya dada. Ya maneno. Zile Jumamosi tatu."

"Aa, ile mbona nilishakupa, ukanakili, ukanirudishia mwenyewe?" Akaacha nyaya. "Kaka, kadi hapa ni kama kitanda cha gesti. Mgeni akitoka, shuka linafuliwa. Ulipoirudisha, Jumatatu yake nikafuta. Tangu hapo nimesharekodi kwaya mbili na tangazo la rangi."

Aliponiona nilivyokaa chini sakafuni, akaelewa, akanipa kadi bila kuulizwa. Nilikwenda nayo kwa kila programu ya kufufua mafaili ninayoijua na mbili ambazo sikuzijua. Nilipata kwaya. Nilipata mtu akisema rangi hii haipauki. Sauti ya dada haikuwepo, hata pumzi moja. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi niliendelea kuchota sakafuni mpaka asubuhi ya siku ya pili, na baada ya hapo sikuwa na mahali pengine pa kwenda isipokuwa nyumbani kwa dada.

Niliwaeleza wote wawili pamoja. Nilisimama. Nilisema daftari halina kosa hata moja, kosa ni langu, nikaeleza namba zile mbili, arobaini na nne na arobaini na nane, na jinsi zilivyo ndogo mdomoni. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yangu nikamsikia akilia, na sikujua kama ni kilio cha uchungu au cha kutuliwa mzigo ambao mimi ndiye niliyemtwisha. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Dada alikuwa anaandika kwenye kibao cheupe cha Chiriku cha kufanyia hesabu. Aliandika: "Yamebaki mangapi?"

Kwa siku tisa nilisikiliza vipande vyote elfu moja mia tatu na kumi na viwili, kimoja kimoja, masikioni mwangu. Yamebaki mia moja themanini na matatu. Limebaki ndoo. Limebaki msumari. Limebaki kesho kutwa, lakini kesho halimo. Limebaki punguza moto, limebaki jina la mwalimu wa Chiriku; jina la Chiriku halimo. Limebaki umeoga, na mama akasema basi hata hilo linatosha, kisha akaingia jikoni akafunga mlango. Kuna kipande kimoja ambacho ni kikohozi tu na kicheko kidogo baada yake. Nilitaka kukifuta. Shemeji akaniomba nikiache, nikampa kwenye simu yake.

Dada alijaribu kuyatumia, Mungu ni shahidi. Kwa wiki mbili alijikaza kisabuni, akiunganisha ndoo na Jumatano na punguza moto ili kusema kitu ambacho hakihusiani na ndoo wala moto, na Chiriku akawa anabahatisha kama vitendawili. Mwanzoni ilikuwa mchezo. Baadaye mtoto akachoka, akaanza kuwa mnyamavu, na sisi tuliomwita Chiriku tukawa tunaliona jina hilo linampwaya. Siku moja dada aliweka tableti juu ya kabati na hakuishusha tena. Alibaki na kibao.

Majibu ya hospitali yalitoka mwezi uliofuata. Daktari alimwambia shemeji pembeni, na shemeji akaniambia mimi karakanani kwake, barakoa ya kuchomelea ameipandisha kichwani, mkono bado umeshika kipande cha geti.

"Wanasema saratani imeshuka kwenye mapafu," akasema. "Hawakati tena. Wanasema tumpe anachotaka."

"Mwenyewe anajua?"

"Alijua kabla yao."

Akashusha barakoa, akaendelea kuchomelea, na mimi nikageuka upande wa pili kwa sababu mwanga ule haufai kutazamwa kwa macho makavu.

Usingizi ukanikimbia baada ya hapo, na mtu asiye na usingizi anatafuta kazi yoyote ya mikono. Nikaanza kusoma kumbukumbu ya programu. Msimbo wangu, hata ule wa mistari kumi na minne, huwa unaandika kando kila ulichokifanya: faili gani, alama ngapi, urefu kabla, urefu baada. Sikuwa natafuta kitu. Nadhani nilitaka kujiadhibu kwa namba. Faili la kwanza, urefu kabla, saa moja na dakika mbili. Neno la mwisho la daftari, saa moja na dakika moja. Sawa. La pili sawa. Faili la tatu, urefu kabla, saa moja na dakika ishirini na sita. Neno la mwisho la daftari, dakika ya hamsini na nane.

Nilipiga hesabu upya, jibu likawa lile lile. Dakika ishirini na nane zilizokuwa baada ya neno la mwisho. Hazikuwa na mstari kwenye daftari, kwa hiyo hazikuwa na alama, kwa hiyo zilitupwa zote.

Nikajiambia wamesahau kuzima mashine. Ndivyo ilivyokuwa, bila shaka. Shemeji alikuwa amechoka, Bezi ana mambo mengi. Zilikuwa dakika ishirini na nane za viti na mlango. Nilijiambia hivyo njia nzima, na nilikwenda kwa dada si kwa ajili yake bali kwa ajili yangu, ili aniambie ndiyo, tulisahau, nami nipate kitu kimoja katika maisha haya ambacho sikukiharibu.

Ilikuwa mchana. Alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni, dirisha wazi kwa sababu hewa ilikuwa haimtoshi. Alikuwa amebaki macho na mifupa. Niliketi kwenye kiti cha shemeji.

"Dada, nina kaswali kadogo. Jumamosi ile ya tatu, mlipomaliza maneno, mlisahau kuzima mashine, eti?"

Alinitazama. Akachukua kibao, akaandika taratibu, akanigeuzia.

"Hatukusahau."

Akafuta kwa ncha ya shuka. Akaandika tena, herufi zikiwa ndogo ili zienee.

"Niliwatoa nje wote. Niliongea na Chiriku kwenye mashine, peke yangu. Akiwa mkubwa ndiyo umpe."

Nilisoma mara mbili. Yeye akawa anasubiri nimalize, kisha akafuta na kuandika, na hapo akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayekumbuka jambo zuri aliloliweka mahali salama.

"Hilo halikuwa la tableti. Nilijua unalo wewe. Nilikuwa nasubiri wakati wake nikwambie."

Miezi yote hiyo. Ndoo, msumari, kesho kutwa. Alikuwa ameyavumilia yote yale kwa sababu alidhani lile moja liko kwangu, na kwamba nilichoharibu ni maneno tu.

Ningeweza kusema ninalo. Nakiri kwamba nililifikiria, na sentensi ilifika mpaka kwenye meno. Angekufa akiwa na furaha na mimi ningebaki na mtoto anayedai. Lakini dada yangu alisimama juu ya meza miaka kumi na minane akiwasoma watu usoni kama wana hela mfukoni au wanatania, na alikuwa ameshanisoma. Tabasamu likaondoka kabla sijasema.

"Halipo, dada," nikasema. "Halikuwa na alama. Programu ilitupa kila kitu kisicho na alama. Hata kama ningepiga hesabu sawasawa, hata kama ningejua kasi ya mashine, ingelitupa vile vile. Hakuna aliyeniambia na mimi sikuangalia urefu. Sikuangalia tu."

Hewa ikapita pale kwenye kitambaa cha shingo yake, ikatoka, ikapita. Nilipiga magoti kwenye zulia. Nilimwomba msamaha kwa maneno ambayo hayakuwa na mpangilio, kisha nikaona kwamba namlazimisha yeye anibembeleze, nikanyamaza.

"Andika," nikamwambia. "Nitakaa hapa. Kila siku nitakuja. Andika kidogo kidogo, uliyomwambia, hata kama ni mstari mmoja kwa siku. Nitayanakili yote. Kwa mkono, dada, kwa wino, sitagusa kompyuta."

Alikubali kwa kichwa. Akashika kalamu. Aliandika jina la mtoto, lile refu la kwenye cheti, akaweka mkato. Akakaa. Akaandika neno moja, akalifuta. Akaandika jingine, akalitazama kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine, akalifuta nalo. Kalamu ilikaa hewani muda mrefu sana, na nikaona macho yake yanatembea ukutani, yanatafuta. Kisha akaandika haraka, bila kuinua mkono, na akanigeuzia kibao.

"Sikumbuki. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa naongea tu."

Nje geti likalia. Chiriku alikuwa amerudi kutoka shule. Dada akafuta kibao kwa kiganja, akahakikisha hakijabaki kitu, akakiweka pembeni ya kitanda, maana mtoto angekihitaji kufanyia hesabu zake.